Miguu ya nyumba ya mbao: historia fupi ya kufunga mbao juu ya beto hapa Goma



Kila mara chama chetu kinapokaa kuzungumza juu ya nyumba, maneno yanaanza na kuisha kwa vitu viwili: mabati na mbao. Mabati ngapi kwa kila jamaa, mbao ngapi, nani apokee wa kwanza. Ni haki, juu mvua ya Goma haimngoji mtu. Lakini kuna kitu cha tatu ambacho ni mara chache kukiona kwenye orodha zetu, ama kwenye orodha za mashirika yanayotusaidia. Ni kile kinachoshika mbao ya chini juu ya beto, ili nyumba isitoke mahali pake.

Mtu anaweza kuona ni jambo dogo la mafundi. Mimi kazi yangu inanipeleka kwenye kartiye nyingi, na nimeona kwamba pale chini ndipo nyumba ya mbao inapofia. Ukuta unaweza kuwa mzima, bati likawa bado linang'aa, huku mbao ya chini imeoza na kuachana na pavema. Kiisha upepo mmoja unamaliza kazi. Basi nataka tuangalie historia ya mahali hapo padogo: tulifika namna gani kuwa na mji wa nyumba zinazokaa juu ya beto bila kushikwa, watu wa nchi zingine walijifunza nini juu ya jambo hilo, na sisi tunaweza kufanya nini kwa pesa kidogo tuliyo nayo.

Mji juu ya jiwe

Goma iko juu ya jiwe la volkeno. Mwenye kuchimba choo hapa anajua. Mwezi wa 7 mwaka 1994, wakimbizi toka Rwanda walipoingia kwa mamia ya maelfu, hata kuchimba vyoo na makaburi ilikuwa shida kubwa, juu udongo ni kidogo na chini yake ni jiwe tupu. Katika sehemu nyingi za Afrika fundi anachimba shimo, anasimamisha mti, anarudisha udongo na kuushindilia. Udongo wenyewe unaushika mti. Hapa kwetu ile njia ni ngumu, juu ya jiwe huwezi kupanda mti. Njo maana fundi wa Goma alijifunza kujenga namna nyingine: kwanza fondasio ya mawe ya volkeno iliyofungwa kwa simenti, juu yake pavema ya beto, kiisha mbao juu.

Nyumba ya namna hiyo tunaiita semi-dirable. Nusu yake ni ya kudumu na nusu si ya kudumu. Jina lenyewe linatoka katika lugha ya serikali, ambayo tangu zamani ilipanga nyumba kwa vyeo: dirable ni ya matofali ama mawe na simenti mpaka juu, semi-dirable ina msingi wa kudumu na ukuta wa mbao, na chini kabisa iko ile ya mbao tupu ama ya miti na udongo.

Vyeo hivyo vina uzito. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973 ilisema kwamba ardhi yote ni mali ya serikali. Mtu anaweza kupewa haki ya kuitumia, na anategemewa kuiendeleza. Mwenye karatasi na pesa anajenga dirable na hana wasiwasi. Asiye na karatasi za kutosha, ama anayekaa kwenye parseli ya mtu mwingine, anajenga kwa mbao, juu mbao zinaweza kubomolewa na kubebwa. Kwa hiyo mbao ni nyepesi na zinapatikana, lakini pia zinamwachia mtu njia ya kuondoka. Nyumba ya mbao ni mali inayoweza kuhama na mwenyewe. Tukumbuke neno hili, juu tutalirudia.

2002: nyumba ya miezi mitatu

Wazee wetu wanakumbuka tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka 1977, ziwa la moto lililokuwa juu ya Nyiragongo lilipotoboka na kumwagika kwa muda usiofika saa nzima. Lava ile iliua watu vijijini upande wa kaskazini, lakini mji wenyewe ulipona. Siku ya Alhamisi, tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 2002, haikuwa hivyo. Lava ilipita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani Kivu. Mahali pengine mto wa lava ulikuwa na upana wa mita 200, mahali pengine mpaka kilometa moja, na ulifika urefu wa mita 2 toka chini. Sehemu ya uwanja wa ndege ilifunikwa. Katedrali iliharibika. Watu karibu 400,000 walikimbia, wengi wakivuka mpaka kwenda Gisenyi, na wengine kuelekea Sake. Waliobaki bila nyumba walihesabiwa kuwa karibu 120,000.

Jambo lililowashangaza wageni ni kwamba wengi walirudi ndani ya siku chache tu. Kambi zilipangwa upande wa Rwanda, lakini watu walitaka kurudi kulinda parseli zao. Walikuta parseli haionekani, iko chini ya jiwe jipya ambalo bado ni la moto. Hata hivyo walipima kwa macho, wakakubaliana na majirani, wakaweka alama juu ya lava. Waliposimamisha nyumba juu ya ile lava, sakafu mpya ya mji ilikuwa juu kuliko ile ya zamani.

Misaada ilikuja: mbao, mabati, misumari, shitingi. Hesabu ilikuwa ya makao ya muda. Neno hilo, "ya muda", ndilo lililoamua namna mbao zilivyowekwa. Kama nyumba ni ya miezi michache, ya nini kupoteza simenti kwa kuishika chini? Fundi alisawazisha mawe, akalaza shevro ya chini juu yake, akapigilia nguzo kwa misumari, akafunika bati. Uzito wa nyumba wenyewe ndio ulioishika. Baadaye, jamaa ilipopata pesa, ilimwaga pavema ndani, kati ya zile shevro. Beto ilikuja kuizunguka mbao, lakini haikuishika.

Leo, zaidi ya miaka ishirini baadaye, bado kuna jamaa wanaolala katika nyumba zilizoanza kwa hesabu ile. Bati limebadilishwa, mbao za ukuta zimebadilishwa moja moja, chumba kimeongezwa nyuma, rangi imepakwa. Kilichobaki kama kilivyokuwa ni pale chini. Nyumba za muda ziligeuka mji, na mji huo una watu wanaozidi milioni.

Kiisha ikaja tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021, Jumamosi usiku. Safari hii lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege, kwa upande wa Buhene, baada ya kumeza maelfu ya nyumba na kuua watu. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mara nyingi sana, nyufa zikafunguka barabarani, na tarehe 27 serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji iondoke. Watu walikwenda Sake, Minova, Rutshuru, Rwanda. Mwezi wa 6 walianza kurudi. Na mwanzoni mwa mwaka 2025, kambi za wahamishwa zilizouzunguka mji, kama Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala, zilivunjwa, na watu wakarudi vijijini mwao Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, wengine wakibeba mbao na shitingi za vibanda vyao mgongoni.

Kila kurudi kumefanana na kule kwa kwanza: haraka, mbao chache, misumari, na neno lile lile, "iko ya muda tu."

Kigingi, sheviye, buloni

Shida ya kushika mbao juu ya jiwe si ya Goma peke yake, na ni ya zamani kuliko simenti. Msumari unaishika mbao vizuri, juu nyuzi za mbao zinasogea, kiisha zinaukaba. Jiwe halisogei. Ukipiga msumari wa kawaida ndani yake, ama unapinda, ama jiwe linapasuka.

Mafundi wa zamani walipata jibu rahisi: wakatoboa tundu katika jiwe kwa patasi na nyundo, wakaingiza kigingi cha mti mkavu kwa nguvu, kiisha wakapiga msumari katika kile kigingi. Ni kusema, walipanda kipande kidogo cha mbao ndani ya jiwe ili msumari upate kitu cha kuukaba. Njia hiyo inafanya kazi hata leo, lakini ina udhaifu mmoja. Kigingi kikikauka zaidi kinapungua, na kikipata maji kinaoza. Baada ya muda kinacheza ndani ya tundu lake.

Mwaka 1824 Mwingereza Joseph Aspdin alipata hati ya kulinda ugunduzi wake wa simenti aliyoiita Portland, na polepole beto ikachukua nafasi ya jiwe katika misingi ya nyumba ulimwenguni. Shida ya kushika mbao ikabaki ile ile. Karibu na mwaka 1911, huko London, fundi na mjenzi aliyeitwa John Joseph Rawlings alikuwa na kazi katika jumba la makumbusho la British Museum. Alitakiwa kufunga vyombo vya umeme ukutani bila kuuharibu ukuta kwa matundu makubwa ya vigingi. Alitengeneza kijiti chenye tundu katikati, cha nyuzi za juti zilizogandishwa kwa gundi. Skrubu ikiingia, nyuzi zinatanuka na kukaba pande zote. Huyo ndiye babu wa sheviye zetu. Mwaka 1958 Mjerumani Artur Fischer aliitengeneza kwa nailoni, nayo haiozi wala haipungui. Alifariki mwaka 2016, akiwa na hati zaidi ya elfu moja za ugunduzi. Vijiti vya plastiki unavyoviona leo Birere, vimepangwa kwenye meza pamoja na skrubu na kufuli, vinafuata wazo lake.

Sheviye ya plastiki inatosha kwa kabati, kwa rafu, kwa mbao nyembamba ya pembeni ya ukuta. Kwa mguu wa nyumba haitoshi. Hapo panatakiwa chuma. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutoboa beto iliyokwisha kukauka na kuingiza buloni ya kutanuka: ukikaza ekru, sehemu ya chini ya chuma inafunguka na kuikaba beto. Ya pili ni ya zamani zaidi na ni ya bei ndogo zaidi: kuzamisha chuma ndani ya beto ikiwa bado mbichi, ncha yake ya chini ikiwa imepindwa, ili beto ikikauka chuma kisiweze kutoka. Njia ya kwanza inahitaji mashine ya kutoboa na umeme. Ya pili haihitaji umeme, inahitaji kufikiri mapema tu.

Nyumba zilizoteleza

Mtu anaweza kuuliza: nyumba ya mbao ina uzito, ina mabati juu, ya nini kuifunga? Jibu zuri liko California, huko Marekani, ambako watu wengi wanakaa katika nyumba za mbao juu ya msingi wa beto, na ardhi inatetemeka kama huku kwetu.

Mwaka 1933 ardhi ilitetemeka Long Beach, mwaka 1971 San Fernando, mwaka 1989 karibu na Santa Cruz. Kila mara jambo moja lilirudia. Nyumba za mbao zenyewe hazikuvunjika sana, juu mbao inapinda kiisha inarudi. Lakini zile ambazo hazikufungwa ziliteleza toka juu ya msingi. Ardhi ilivuta msingi upande mmoja, nyumba ikabaki nyuma, kiisha ikaanguka chini kwa umbali wa goti tu, na kuanguka huko kukatosha kuvunja mabomba, ngazi na kuta. Majirani waliofunga mbao ya chini kwa buloni walirudi kulala kwao. Leo jimbo hilo lina mpango wa kuwapa wenye nyumba za zamani mpaka dola 3,000 ili nyumba zifungwe juu ya msingi na kuta fupi za chini ziongezewe nguvu. Wajapani nao, ambao nyumba zao za zamani zilikaa juu ya mawe bila kufungwa, waliandika katika sheria yao ya ujenzi ya mwaka 1950 kwamba mbao ya chini ifungwe kwenye fondasio.

Sisi tuko katika bonde lile lile linalopasua Afrika. Tarehe 3 mwezi wa 2 mwaka 2008 Bukavu ilitetemeka kwa nguvu ya karibu 6. Mitetemeko ya 2002 na 2021 tuliisikia wote. Na mbali na kutetemeka, kuna upepo. Upepo wa mvua ukiingia chini ya bati unainua, hausukumi pembeni tu. Paa linavuta ukuta, ukuta unavuta mbao ya chini. Kama mbao ya chini haikushikwa na kitu, misumari yote mizuri ya juu inakuwa kazi ya bure.

Tuseme ukweli pia: buloni haizuii lava, wala moto ambao kila mwaka unakula nyumba za mbao katika mji wetu. Inazuia yale mawili, kutetemeka na upepo. Lakini hayo mawili yanakuja mara nyingi zaidi.

Kwa nini hatufungi

Nimesikiliza sababu ambazo watu wanatoa, na sioni kama ni za ujinga. Ziko tatu.

Ya kwanza ni ile ya "iko ya muda". Historia yenyewe imekwisha kuijibu. Nyumba za 2002 ziko bado.

Ya pili ni pesa: simenti ikinunuliwa, mfuko unabaki mtupu. Tufanye hesabu. Tuchukue nyumba ya mita 5 kwa 4, ambayo wengi wetu tunaijua. Chuma cha kwanza kiwekwe sentimita 30 toka kona, vinavyofuata viachane karibu mita 1 na sentimita 10. Upande wa mita 5 unahitaji 5, upande wa mita 4 unahitaji 4. Jumla ni 18. Kama upande mrefu umeungwa kwa mbao mbili, ongeza kimoja kwa kila upande huo, juu kila mbao inatakiwa kushikwa karibu na ncha zake. Inakuwa 20. Fero moja ya 8, yenye urefu wa mita 12, ukiikata vipande vya sentimita 60, inatoa vipande 20. Ni kusema, mguu wa nyumba nzima ni fero moja. Kila mtu aende sokoni aulize bei ya fero ya 8, kiisha ailinganishe na bei ya mabati aliyonunua.

Ya tatu ndiyo ngumu: "parseli si yangu". Mwenye kukaa kwenye parseli ya mtu, ama mwenye karatasi zinazogombaniwa, anaogopa kufunga nyumba yake kwenye beto ya mwingine. Akifukuzwa, ataiachaje? Hii ndiyo sababu niliwaomba tukumbuke kwamba nyumba ya mbao ni mali inayohama. Hapa msumari na buloni si ndugu. Nyumba iliyopigwa misumari, ukiibomoa, mbao zinapasuka, ncha zinaharibika, na unakata sentimita kadhaa kila mara unapohama. Baada ya kuhama mara tatu shevro imekuwa fupi. Nyumba iliyofungwa kwa buloni na ekru inafunguliwa kwa ufunguo namba 19. Mbao inatoka nzima, na tundu lake liko tayari kwa mahali pengine. Kwa hiyo asiye na karatasi ndiye anayehitaji buloni kuliko wote. Inamshikia nyumba usiku wa upepo, na inamwachia siku ya kuhama.

Namna ya kufanya

Nimeandika haya kwa wanachama wanaotaka kurekebisha nyumba yao polepole, na kwa masoni na mafundi mbao wanaotusaidia siku za salongo.

Kama fondasio bado haijamwagwa, kata fero vipande vya sentimita 60 na pinda ncha ya chini kama ndoana. Simamisha kila kipande katika beto mbichi, sentimita 25 zikiwa ndani. Usikiweke pembeni kabisa mwa beto, acha angalau sentimita 10, juu beto ya pembeni inakatika. Acha ikauke juma moja, ukiimwagilia maji, kabla ya kukaza kitu chochote. Kiisha toboa shevro ya chini, iingize juu ya vyuma, na pinda sehemu iliyobaki juu ya mbao, ukiishika kwa misumari iliyopindwa. Mwenye kutaka kuhama baadaye atumie buloni ya milimita 12 badala ya fero, na rondele pana chini ya ekru, ili ekru isizame ndani ya mbao.

Kama pavema iko ya zamani, kwanza igonge kwa nyundo. Mahali panapolia kama debe tupu usitoboe, tafuta mahali pengine. Usitoboe katika jiwe la volkeno lenye matundu-matundu, juu buloni haipati kitu cha kukaba, toboa katika beto yenyewe. Tundu liende chini kupita urefu wa buloni, na vumbi litoke lote kabla ya kuingiza chuma. Vumbi likibaki, buloni inazunguka bure. Mashine ya kutoboa inaweza kukodiwa kwa siku moja kwa nyumba kadhaa za avenue moja. Hiyo ni kazi nzuri ya salongo.

Iwe beto mpya ama ya zamani, usilaze mbao juu ya beto tupu. Beto inakunywa maji toka chini na kuipa mbao polepole. Weka kati yao kipande cha shitingi, hata ya zamani, mradi haina matundu makubwa. Paka mbao ya chini mafuta ya vidanje pande zote pamoja na ncha zake, juu ncha ndizo zinazokunywa maji zaidi, na uyapake nje, mbali na watoto na maji ya kunywa. Fondasio iwe juu ya udongo wa nje kwa sentimita 15 ama 20, ili matone ya paa yasirukie mbao na mchwa wasipande bila kuonekana. Na usizamishe nguzo yenyewe ndani ya beto ukifikiri ndiyo nguvu. Pale mbao inapotoka kwenye beto maji yanasimama, na baada ya miaka michache nguzo inakatika mahali hapo hapo.

Mwisho, nguvu ya nyumba ni mnyororo. Beto inashika mbao ya chini, mbao ya chini inashika nguzo, nguzo inashika mbao ya juu, mbao ya juu inashika paa. Kila kiungo kifungwe kwa waya ama kipande cha bati, si kwa msumari mmoja wa kuingia wima. Pete moja ikikosekana, mnyororo wote hauna kazi.

Kwa mkutano wetu mkuu

Napendekeza mambo matatu, na naomba yaandikwe kwenye ajenda ya mkutano mkuu ujao.

Kwanza, katika kila msaada wa nyumba unaotoka kwenye mfuko wetu, fero moja ya 8 ama buloni 20 ziwe kwenye orodha pamoja na mabati, na zisitolewe kama kitu cha baadaye. Kama pesa haitoshi, tupunguze bati moja kwenye baraza, tusipunguze mguu.

Pili, kwa wanachama wanaokaa kwenye parseli za watu, tuchague buloni na ekru, si fero ya kupinda, na kamati iandike karatasi fupi kati ya mwenye parseli na mwenye nyumba inayosema mbao ni za nani. Karatasi hiyo ni muhimu sawa na chuma.

Tatu, ninyi wafadhili. Mara nyingi mnatuuliza tumejenga nyumba ngapi. Tunashukuru swali hilo, lakini tunaomba muongeze lingine: ngapi zimefungwa chini? Picha ya nyumba mpya inapigwa toka mbele, bati linaonekana, rangi inaonekana. Ombeni na picha ya pale chini, kwenye kona, shevro ikiwa juu ya beto na ekru juu yake. Tutawatumia.

Hakuna kati yetu anayejua kama kurudi huku ndiko kwa mwisho. Mlima uko pale pale, na vita hatujui vitaisha lini. Lakini wale waliorudi 2002 nao hawakujua, na walilala miaka ishirini katika nyumba waliyoiita ya muda. Tujenge kama watu watakaokaa, na tufunge kwa namna ambayo, ikibidi kuondoka tena, tutaweza kufungua na kwenda na mbao zetu nzima.